Alinguruma, Akachapwa: Kisa cha Mbwa Mzee na Mtoto wa Mbwa Aliyeletwa Nyumbani

Kwa nini nakiandika

Mimi ni daktari wa mifugo, na mara kwa mara naitwa kwenye nyumba ambako mbwa wa miaka mingi "ameharibika ghafla". Amemuuma mtoto wa mbwa aliyeletwa juzi, na wakati mwingine amemuuma na mtu aliyeingilia kati. Nikikaa nikauliza taratibu, mara nyingi naambiwa kwamba mbwa huyo alinguruma siku kadhaa kabla, na akachapwa kwa kunguruma. Kisa hiki nimekifuatilia tangu wiki ya kwanza hadi mwezi wa nne. Nimekichagua kwa sababu mimi mwenyewe nina sehemu katika kosa lake. Mbwa nimewapa majina mengine, mji sitautaja, na mambo yanayoweza kuitambulisha familia nimeyaondoa.

Nyumba na mbwa wake

Ni nyumba ya dereva mstaafu, kaskazini mwa Tanzania. Ua umezungushiwa ukuta, geti la chuma liko mbele, kuna mwembe karibu na banda la mbwa, na nyuma ya jiko kuna kijishamba cha migomba kilichozibwa kwa wavu wa kuku. Wanaoishi hapo ni mzee, mkewe, binti yao, mjukuu wa kiume wa miaka 9 na dada wa kazi.

Jeki ni dume wa miaka 10 hivi, chotara wa German Shepherd na mbwa wa kienyeji, kilo 31. Mchana hufungwa mnyororo karibu na banda, usiku hufunguliwa. Tangu aletwe hajawahi kuishi na mbwa mwingine. Alikuwa na mambo matatu ambayo kwake hayakubadilika: banda lake, bakuli lake la saa kumi na mbili jioni, na ile nusu saa ya asubuhi mzee anapokunywa chai nje, Jeki akiwa amelala miguuni pake akisubiri kipande cha chapati. Mzee aliniambia kwa fahari kwamba Jeki ana adabu: tangu utotoni alikatazwa kunguruma mbele ya wageni.

Zuri, jike, aliletwa na kijana wa mzee anayefanya kazi Dar es Salaam, baada ya wezi kuruka ukuta wa jirani. Wazo lake linaeleweka na wengi wetu tumewahi kulisikia: Jeki amezeeka, apate wa kumrithisha kazi kabla hajaondoka. Muuzaji alisema mtoto ana miezi miwili na ameshachanjwa, ila kadi hakutoa. Kwa meno na uzito wake, kilo 2.3, mimi nilimkadiria wiki 6, labda 7.

Tofauti hiyo ya wiki moja au mbili si ndogo. Mtoto wa mbwa hukaa na mama na ndugu zake hadi wiki 8 hivi, na katika siku zile za mwisho ndipo anapojifunza kupima meno yake. Akimng'ata nduguye kupita kiasi, nduguye analia na mchezo unakwisha. Akimsumbua mama, mama anamkaripia. Zuri alikuja na meno makali kama sindano na hakuna aliyekuwa amemfundisha kuyapima.

Siku nne za kwanza

Siku ya kwanza ilikuwa Jumamosi. Kijana alimtoa Zuri kwenye boksi la biskuti ndani ya gari, akambeba hadi bandani, akamweka chini mbele ya Jeki aliyekuwa kwenye mnyororo. Familia nzima ilizunguka kutazama, na binti alirekodi video kwa simu. Ninayo video hiyo, nimeitazama mara nyingi.

Jeki ananusa mara moja. Kisha anageuza kichwa pembeni. Analamba midomo, ilhali hakuna chakula. Anapiga mwayo. Zuri anajipenyeza chini ya kifua chake, na Jeki anakakamaa, mkia umesimama bila kutikisika, weupe wa jicho unaonekana pembeni. Watu wanacheka kwa furaha. Zuri anakwenda kwenye bakuli lenye mabaki ya mchana. Hapo Jeki ananguruma, chini kwa chini, wala hasogei. Mzee anavua kandambili na kumpiga puani: "Acha! Mtoto huyo!"

Kwa sekunde 40 Jeki alisema "sitaki" kwa njia tano zilizo tofauti. Ya tano tu ndiyo iliyosikika, na ndiyo iliyomletea kipigo.

Usiku Zuri alilazwa ndani ya banda la Jeki ili wazoeane. Jeki alilala chini ya gari. Siku ya pili na ya tatu Zuri aliamka na mchezo mmoja alioupenda kuliko yote: kuning'inia kwenye sikio la kulia la Jeki. Jeki alinguruma, akachapwa. Mkewe mzee alianza kusema fahali wawili hawakai zizi moja.

Siku ya tatu binti alinipigia simu. Nilikuwa njiani kwenda kuzalisha ng'ombe. Aliniuliza kama kunguruma huko ni kawaida, nikamjibu: "Waache, watazoeana wenyewe." Sikumuuliza umri wa mbwa, afya yake, wanakula wapi, wala mbwa mkubwa anafanywaje akinguruma.

Siku ya nne Jeki alinyamaza. Zuri alimkanyaga, akamng'ata mkia, akavuta sikio, na Jeki hakutoa sauti. Familia ilifurahi sana. Binti alinitumia ujumbe: "Daktari, amemkubali." Nami nikafurahi.

Siku ya tano

Jumatano jioni, dada wa kazi alimimina ugali na vichwa vya samaki kwenye beseni moja ili wale pamoja. Zuri aliingia na miguu miwili ya mbele ndani ya beseni. Hakukuwa na mngurumo. Jeki aligeuka, akamuuma juu ya jicho la kushoto. Zuri alipiga kelele, mjukuu akakimbia na kuingiza mkono kumtoa, na meno ya Jeki yakampata kwenye kifundo cha mkono. Matundu mawili, hayakuwa na kina.

Binti alifanya jambo moja kwa usahihi kabisa. Alimpeleka mjukuu bombani, akaosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, akiangalia saa, huku bibi akitaka lipakwe chumvi na majivu. Kisha wakaenda hospitali. Waliulizwa kadi ya mbwa. Chanjo ya mwisho ya kichaa cha mbwa ya Jeki ilikuwa ya miaka mitatu nyuma. Mtoto alianza sindano usiku uleule.

Kesho yake asubuhi nilipofika, jirani mmoja alikuwa ameshatafutwa aje ammalize Jeki. "Mbwa akionja damu ya mtu hafai tena," alisema kijana kwa simu kutoka Dar.

Nilichokikuta

Nilimfunga Jeki mdomo kwa bendeji, nikavaa glavu, nikampima. Alipoinuka alitanguliza miguu ya mbele, akajivuta nyuma kama mzee anayenyanyuka kwenye kigoda kifupi. Nilipobonyeza nyonga, aligeuza kichwa na kulamba midomo, ile ishara ya kwenye video. Kisha nikafunua sikio la kulia. Harufu ilinifikia kabla sijaona. Ndani kulikuwa na uchafu wa kahawia unaonata, ngozi imevimba na kuwa nyekundu, na kwenye ukingo wa sikio kulikuwa na vidonda vidogo vinne vilivyopangana, upana wa meno ya Zuri.

Niliwaita wote watazame. Mzee aliinama, akatazama kwa muda mrefu, hakusema kitu. Halafu akaniuliza kama anaweza kumpa vidonge vyake mwenyewe vya diklofenaki. Nilimkataza kwa nguvu. Dawa za maumivu za binadamu kama hizo humchubua mbwa tumbo na kumharibu figo, hata kwa kidonge kimoja.

Zuri alikuwa na jeraha la sentimita mbili. Jicho lilikuwa salama. Tumbo lilijaa kama puto: minyoo. Viroboto vilikuwa vingi.

Tulichoamua, na sababu zake

Jambo la kwanza lilikuwa kutomuua Jeki, na hapa sikutumia huruma kama hoja. Mbwa anayeweza kuambukiza kichaa kwa mate yake huonyesha dalili au hufa ndani ya siku 10. Akizivuka akiwa mzima, tunajua jeraha lile halikubeba virusi. "Mzee, mkimuua leo hatutajua," nilimwambia. Alikubali. Sindano za mtoto hazikusubiri jibu hilo. Ziliendelea kama hospitali ilivyopanga. Chanjo ya Jeki nayo tuliiahirisha hadi siku hizo zipite, ili homa au uchovu wa chanjo usije ukadhaniwa ni dalili.

Siku 10 hizo zilitupa nafasi ambayo huenda wasingeikubali vinginevyo: kuwatenganisha mbwa kabisa. Jeki alirudishiwa banda lake, likiwa limeoshwa, matandiko yamebadilishwa. Zuri alihamia stoo ya jikoni. Sikio lilitibiwa, na nyonga zikapata dawa ya maumivu ya mbwa kwa kipimo cha uzito wake. Zuri alipewa dawa ya minyoo, ikarudiwa baada ya wiki mbili. Kila jioni dada wa kazi alibadilishanisha matambara yao ya kulalia. Jioni ya kwanza Jeki alinusa tambara la Zuri akaenda kulala mbali nalo. Jioni ya sita alilala juu yake.

Kisha ikaja sheria ya ndala, kama walivyoiita wenyewe: hakuna kumpiga Jeki kwa kunguruma. Atakayesikia mngurumo amwite Zuri na kumwondoa, asimsemeshe Jeki. Mzee aliipinga kwa dhati. "Daktari, mbwa nisipomchapa akinguruma, atanizoea." Nilimwonyesha video tena, nikaisimamisha kila ishara. Nikamweleza kwamba Jeki hakuacha kuchukia kuvutwa sikio siku ile ya nne, aliacha kusema. Kofi haliondoi maumivu ya sikio. Linaondoa taarifa tu, na mbwa asiye na taarifa amebakiwa na meno.

Swali gumu lilikuwa mahali pa kuwakutanisha upya. Ushauri wa kawaida ni kuwakutanisha mbwa pahali ambapo si himaya ya yeyote, kwa mfano barabarani, wakitembea sambamba. Lakini Zuri hakuwa na chanjo ya kuaminika, na mtaani hapo mbwa koko hupita usiku kucha. Virusi vya parvo hukaa kwenye udongo miezi mingi, na mtoto wa mbwa wa wiki 8 akivipata anaweza kuharisha damu na kufa ndani ya siku chache. Kwa upande mwingine, kumfungia hadi amalize chanjo zote, wiki ya 16, kungempotezea umri ambao mbwa hujifunza kuishi na wengine, yaani kuanzia wiki ya 3 hadi ya 12 au 14 hivi. Tuliamua kutumia kijishamba cha migomba. Jeki hakuwahi kuingia humo, mbwa wa nje hawafiki, na Zuri angeingia kama mgeni sawa na mwenzake.

Migombani

Siku ya 16 Jeki alikuwa mzima wa afya. Nilimchanja kichaa, nikampa Zuri chanjo ya kwanza ya mchanganyiko inayokinga parvo na homa ya mbwa. Jioni yake mzee alimshika Jeki, binti akamshika Zuri, hatua 20 kati yao, wakatembea upande mmoja kwa dakika tano. Mjukuu alitazama dirishani.

Kazi yangu kubwa siku hiyo ilikuwa mkono wa mzee. Kila Zuri alipotikisika, yeye aliivuta kamba. Kamba ikikazwa, shingo ya mbwa inapanda juu, kifua kinatokeza, na mwenzake anamwona kama anayejiandaa kupigana. Nilimwomba aishike kwa vidole viwili tu, italegea yenyewe. Kila Jeki alipomtazama Zuri kisha akaacha, alipata dagaa mmoja. Dagaa wa mbwa, wale wa kupimwa kwa kopo.

Waliendelea hivyo kila jioni, wakipunguza hatua chache chache. Siku ya 23 waliachwa wanusane kwa sekunde tatu, wakaitwa. Jeki alitikisa mwili mzima kama aliyetoka mtoni, na nikamwambia mzee hilo ni jambo jema: mbwa anakung'uta wasiwasi.

Chakula kilitenganishwa kabisa. Jeki alikula kwanza bandani kwake, Zuri jikoni mara nne kwa siku. Beseni lilirudi kufulia nguo. Nusu saa ya chai ya asubuhi ikawa ya Jeki peke yake.

Siku ya 27 mlango wa stoo uliachwa wazi, na Zuri akakimbia moja kwa moja hadi ndani ya banda. Binti alinipigia akihema. Jeki alikuwa amenguruma, mngurumo mrefu, akaonyesha meno. Zuri akalala chali, akajikusanya, akatoka taratibu. Jeki alirudisha kichwa juu ya miguu na kusinzia. Hakuna aliyemgusa, ingawa mzee alikuwa amesimama karibu. "Sasa tufanyeje?" aliuliza binti. Nilimwambia amletee Jeki dagaa na afunge mlango wa stoo. Jeki alikuwa amepata tena sauti, na Zuri alikuwa amejifunza maana yake. Hiyo ndiyo siku niliyoanza kulala bila mawazo juu ya nyumba ile.

Matokeo

Katika mwezi wa nne Zuri alikuwa na chanjo zote, pamoja na ya kichaa aliyopewa alipofikisha miezi mitatu. Usiku wote wawili hufunguliwa. Hulala chini ya mwembe, hatua tatu kati yao, hawagusani. Zuri hubweka getini baada ya Jeki kubweka, si kabla. Hawali pamoja na hawataachwa na mfupa mmoja.

Mjukuu alimaliza sindano na jeraha lilipona bila tatizo. Bado hamkaribii Jeki akiwa anakula, na sioni sababu ya kumhimiza. Sikio la Jeki lilirudi kuuma mara moja, mwezi wa tatu. Safari hii alinguruma Zuri alipolisogelea, mzee akalikagua sikio kabla ya kunipigia simu.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ya vyote, kwa maoni yangu, ni kutibu sikio. Mbwa akibadilika tabia uzeeni, ukaguzi wa mwili unatangulia: masikio, meno, nyonga, macho. Mafunzo yoyote yangeshindwa iwapo Zuri angeendelea kuvuta kidonda. Cha pili ni kurudisha mngurumo, na hilo lilitegemea mzee kubadilika kuliko mbwa kubadilika. Sikutarajia angeweza. Aliweza kwa sababu aliliona sikio kwa macho yake.

Mnyororo sikuutilia uzito wa kutosha mwanzoni. Mbwa aliyefungwa hawezi kuondoka, na kuondoka ndiyo njia ya kwanza anayoichagua mbwa mtulivu. Kumweka mgeni mbele ya mbwa aliyefungwa ni kumnyang'anya njia hiyo. Tulipaswa kulisema siku ya kwanza. Hata sasa Jeki hufungwa mchana, ila Zuri huwa stoo au migombani saa hizo. Ningependa zaidi wangemjengea Jeki uzio mdogo, lakini fedha haikutosha.

Kilichoshindwa kabla ya yote ni chanjo. Gharama ya sindano za mtoto na nauli za kwenda hospitali ingelipia chanjo ya kila mwaka ya Jeki kwa maisha yake yote. Familia haikuipuuza kwa kutojali. Walifikiri mbwa asiyetoka getini hahitaji, wakasahau kwamba hatari inaweza kuingia yenyewe, kwa boksi la biskuti.

Kuhusu "kuonja damu": Jeki hakumtafuta mtoto. Aliuma mkono ulioingia katikati ya ugomvi, kama mbwa yeyote angeweza kufanya. Mbwa wakishikana, mkono hauingii; mwagia maji, gonga sufuria, tupa blanketi juu yao. Mjukuu hakufundishwa hilo, na sisi wakubwa ndio tuliopaswa kumfundisha siku ile Zuri anashushwa garini.

Na simu ya siku ya tatu. "Watazoeana wenyewe" ni kweli kwa mbwa wengi, ndiyo maana tunalisema kwa wepesi. Tangu kisa hiki nauliza maswali manne kabla ya kujibu: mbwa mkubwa ana umri gani, anaumwa wapi, anaweza kuondoka akichoka, na anafanywaje akinguruma. Hayachukui dakika mbili, hata nikiwa njiani kwa ng'ombe.

Lipo ambalo halijaisha. Zuri ataingia joto, yaani atataka dume, kwa mara ya kwanza akifikisha umri wa miezi sita hivi au baadaye kidogo, na jike anayekomaa anaweza kubadili mipaka waliyokubaliana chini ya mwembe. Jeki hajahasiwa, na familia haitaki watoto wa mbwa. Tumepanga Zuri afungwe kizazi kabla ya hapo, na tarehe ameiandika mzee mwenyewe kwenye kadi ya chanjo, chini ya jina la Jeki.